Singo ya Radi

Majengo, Pumwani
11 Mei 2025

Hikma mwanangu,

Ukisikia watu wakisimulia bahati ya mtende, waambie mtende wenyewe siku hizi unakuja kwangu kuazima. Keti kitandani kwanza. Kama una kikombe mkononi, kiweke chini, maana vikombe vya shule mnalipishwa.

Unamjua Radi? Najua unamjua, umembandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako, mwanamke wa kuimba, sauti ya kuamsha mawe. Basi Jumanne iliyopita gari jeusi, vioo vyeusi, hata tairi nadhani zilikuwa nyeusi kuliko za wengine, limeingia Majengo na kusimama mlangoni kwangu. Akashuka binti mwenye saa kubwa kuliko mkono. Akauliza, "Nani hapa anaitwa Salme, anayesinga mabibi harusi, anayewasugua singo mpaka wang'ae?" Mtaa mzima ukaninyooshea kidole, hata wale tusiosalimiana tangu Ramadhani ya juzi.

Kumbe Radi anapigwa picha za video na anataka mwili ung'ae bila mafuta ya dukani. Wakaambiwa mambo ya singo ni ya Waswahili, Waswahili wa Nairobi ni wa Majengo, na Majengo ni mimi. Nikachukua bakuli langu, unga wa liwa, karafuu na marashi ya mawaridi, nikapanda. Kwake ni mtaa wa Fedha, geti linafunguka lenyewe kama limeona malaika. Nimemsinga tangu kisigino hadi shingoni, saa mbili nzima. Mtoto mweusi yule, Hikma! Mweusi wa kuteleza. Akaniita Mamdogo. Nikamwambia, "Hilo jina lina mwenyewe, yuko Kidato cha Tatu huko Bungoma." Akacheka mpaka singo ikamdondoka begani.

Sasa mimi ndiye msingaji wake. Kila onyesho, gari linakuja. Ukiwa na neno la kumuuliza, andika, nitalifikisha mkono kwa mkono. Simu mmekatazwa, barua hazijakatazwa.

Usitangaze. Mwambie Nasambu peke yake, maana najua mbele ya yule mdomo wako hauna komeo.

Ni mimi mamako mdogo na somo wako,
Salme wa Singo (na sasa wa Radi)


Shuleni, Bweni la Tatu
18 Mei 2025

Mamdogo wangu,

Niaje! Mimi mzima, lakini barua yako ilitaka kuniua. Niliisoma mara nne. Nikampa Nasambu, akasoma, akasema, "Mamdogo wako ana story, lakini." Nikamwambia Mamdogo wangu anaweza kutia chumvi kwenye mchuzi, si kwenye jambo kama hili. Tukakosana kidogo, tukapatana wakati wa uji.

Unamkumbuka Nasambu? Yule aliyekuja kwetu likizo akala mahamri saba. Wao wanakaa Makadara, mamake ni wa kiwandani. Ndiye mwimbaji wetu wa mbele kwenye kwaya, na mimi ndiye wa akiba, akiugua naimba mimi. Haugui. Ana kifua cha chuma yule.

Sasa sikia. Juzi mazoezini, Mwalimu Opicho alisema kwa mzaha kwamba Nasambu akisimama mbele ya lile pazia jeusi la ukumbini majaji wataona meno tu. Watu wakacheka. Nasambu pia alicheka, tena kwa nguvu kuliko wote. Kisha hakula chakula cha mchana. Mimi sikumwambia kitu kwa sababu mimi ni mweusi kuliko yeye, ningemwambia nini? Mimi wananiita Makaa tangu Kidato cha Kwanza. Nimezoea, ama nimejifunza kutembea kama mtu aliyezoea.

Tulikuwa tunajiponya kwa Radi. Kila mtu akituambia kitu, tunasema, "Radi je?" na wananyamaza. Lakini tulipokuwa tunarudi shuleni tuliona bango lake jipya Barabara ya Jogoo, lile la sabuni, na Mamdogo, Radi si mweusi tena. Ni rangi ya chai ya maziwa. Wasichana wameleta hiyo habari hapa, wanatucheka. Wanasema hata Radi wenu amechoka.

Basi hili ndilo swali langu, umpe kama lilivyo: Je, umejichubua? Na kama umejichubua wewe uliye na kila kitu, sisi tufanye nini?

Usiliremberembe. Mpe hivyohivyo.

Wako,
Hikma


Majengo
25 Mei 2025

Hikma roho yangu,

Swali nimelifikisha. Radi alilisoma akiwa amekaa kitako, taulo kichwani, akalisoma tena mpaka nikadhani nimefukuzwa kazi. Kisha akaomba kalamu. Barua yake iko ndani ya hii, ameiandika mbele ya macho yangu mawili. Usishangae mwandiko, mastaa wanaandika haraka, wamezoea kutia sahihi migongoni mwa watu.

Nimekuwekea na kopo la singo, ileile ninayomfanyia yeye. Mseme mnakosa nini tena.

Somo wako,
Salme


Fedha
24 Mei 2025

Mtoto mzuri Hikma,

Mimi Radi mwenyewe nakuandikia kwa mkono wangu wa kulia wenye pete saba.

Umeniuliza swali zito, na mtoto anayeuliza swali zito ana mtu aliyemlea vizuri. Sijajichubua. Ngozi si ukuta wa duka, upakwe rangi mpya kila kampuni ikibadilika. Lile bango ni taa zao na mashine zao, mimi walinipiga picha nikiwa mweusi, wakanitundika nikiwa chai.

Sikiliza. Weusi wako hukuuokota njiani. Umeachiwa na mtu aliyekupenda kabla hajakuona uso. Ukiuchukia, unamchukia yeye, naye hayuko hapa kujitetea. Wakikuita Makaa, itika. Waulize nani nyumbani kwao anapika bila makaa. Na mwambie rafiki yako kwamba majaji wakiona meno tu, basi afungue mdomo aimbe, meno ndiyo mlango wa sauti.

Ngozi yangu inang'aa kwa singo ya Mamdogo wako, basi. Lakini nitakupa siri ambayo hata meneja wangu haijui. Chukua singo vijiko vitatu, kamulia ndimu mbili mbichi, koroga, paka uso wote na shingo. Usioshe. Iache ikaukie hapo, nenda zako na shughuli zako. Mimi hupaka hivyo nikaenda mazoezini. Utang'aa mpaka watu wakuombe mwanga.

Mheshimu sana Mamdogo wako. Wanawake kama yule wamebaki wachache.

Radi


Shuleni
8 Juni 2025

Mamdogo,

Sijui nianzie wapi. Nililia. Nasambu alilia. Hata Griselda wa kitanda cha juu, ambaye huwa anatucheka, aliomba asome akajifanya ana mafua.

"Umeachiwa na mtu aliyekupenda kabla hajakuona uso." Mamdogo, hakuna mtu amewahi kuniambia neno kama hilo maishani mwangu. Nilimwona mama. Nimelinakili nyuma ya kila daftari. Juzi mtu akaniita Makaa nikamuuliza nani anapika kwao bila makaa, darasa likaanguka kwa kicheko.

Na unajua kitu? Karatasi ya Radi inanukia udi, uleule wa chumbani kwako. Nikamwambia Nasambu, unaona, mpaka udi wamepeana, hawa sasa ni marafiki. Nasambu akasema basi amekubali, ameshindwa, na anaomba msamaha kwa kukuita mtu wa story.

Jumamosi tunapaka! Jumatatu yake ni mashindano ya kaunti na Nasambu anataka ang'ae mbele ya lile pazia. Kuna mndimu nyuma ya maabara. Tumegawana: yeye vijiko vitatu, mimi kimoja, kwa sababu yeye ndiye wa mbele.

Nakupenda kuliko Radi. (Karibu.)

Hikma


Ofisi ya Naibu Mwalimu Mkuu
18 Juni 2025

Kwa Bi. Salme, mlezi wa mwanafunzi Hikma, Kidato cha Tatu

Bibi,

Nasikitika kukuarifu kwamba Jumamosi tarehe 14 mwanafunzi Nasambu alijipaka usoni mchanganyiko aliopewa na Hikma, kisha akashinda uwanjani kwa mazoezi ya kwaya hadi saa nane mchana. Kufikia jioni uso na shingo vilikuwa vimevimba, na kesho yake vikatoka malengelenge. Ametibiwa na amerudishwa kwao Makadara. Hakushiriki mashindano.

Hikma alijipaka mchanganyiko uleule lakini alikuwa maktaba siku nzima na hakudhurika. Hikma pia ndiye mwimbaji wa akiba, na ndiye aliyesimama mahali pa Nasambu siku ya Jumatatu. Utaelewa kwa nini wazazi na baadhi ya walimu wanauliza maswali.

Hikma ametuonyesha barua anayosema iliandikwa na mwanamuziki maarufu. Hakuna hapa anayeamini hivyo. Iwapo aliiandika mwenyewe ili kumshawishi mwenzake, hatutakuwa na njia ila kumfukuza. Kikao cha nidhamu ni Jumatano tarehe 16 Julai, saa nne asubuhi. Unatakiwa kuhudhuria.

Wako,
Bi. Khavere


Shuleni
20 Juni 2025

Mamdogo,

Najua umepata barua ya Bi. Khavere. Mimi sikufanya kitu. Tulipaka pamoja mbele ya kioo kimoja, tukicheka, akaniambia nimekuwa kama mzimu wa harusi. Kisha mimi nikaenda maktaba kwa sababu nina deni la insha, naye akaenda uwanjani. Basi. Sielewi mbona yeye na si mimi.

Nilipoimba Jumatatu nilitazama chini. Tulikuwa wa pili. Watu hawakupiga makofi, ama walipiga na mimi sikusikia.

Mamdogo, mwambie Radi aandike barua nyingine yenye muhuri. Ama apige simu ofisini, sekunde moja tu. Ama uje naye. Najua ana kazi, lakini yule alinielewa, yule hawezi kuniacha.

Nasambu yuko kwao. Tafadhali mwendee. Mwambie sikujua.

Hikma


Majengo
24 Juni 2025

Hikma mwanangu,

Usiwe na wasiwasi. Ukimwona Salme amekaa, ujue dunia haijatikisika.

Radi ningekuja naye, tena angefurahi, lakini yuko Kigali, kisha Kampala, kisha sijui wapi, ratiba yake hata yeye inamshinda. Nimeacha ujumbe kwa yule binti wa saa kubwa. Hao walimu wasikutishe, mimi nimesimama mbele ya watu wakubwa kuliko hao. Siku ile ya mahakama ya Makadara, ya kesi ya ukuta wa jirani, hakimu aliniambia niketi mara tatu.

Nasambu nimekwenda kumwona. Kutoka hapa hadi Makadara nilitembea kwa miguu, mkebe wa mahamri mkononi. Anaendelea vizuri sana. Madoa mawili matatu, hayo yatatoka. Anakusalimu, hana kinyongo.

Nina homa kidogo. Lakini tarehe 16 ni mbali.

Salme


Shuleni
6 Julai 2025

Mamdogo,

Siku kumi zimebaki na hujaniambia kama unakuja.

Jana Bi. Khavere aliniita peke yangu. Hakunifokea, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Aliweka barua ya Radi mezani na daftari langu kando yake, akasema, "Hikma, haya maneno yako nyuma ya kila daftari lako. Ukikiri kwamba wewe ndiye uliyeandika, nitawaomba wakupunguzie. Ukiendelea na Radi, sina la kukusaidia."

Nikamwambia sikuandika. Akaniuliza, "Basi nani?" Nikasema Radi. Akaniuliza najuaje. Nikasema, "Kwa sababu Mamdogo wangu alikuwepo, na Mamdogo wangu hajawahi kunidanganya."

Akaisoma barua tena. Kisha akanirudishia daftari.

Njoo uwaambie. Hata bila Radi. Wewe ukisema watakuamini.

Hikma


Langoni, shuleni kwenu
16 Julai 2025, saa moja asubuhi

Hikma,

Niko hapa langoni. Mlinzi wenu ni mtu mzuri, jina lake Wasike, amenipa kiti cha plastiki na nusu ya chai yake. Nimemwomba akupe karatasi hii kabla ya kikao, nami nikae hapahapa mpaka uamue. Nimeikunja mara nne ili asisome. Ameniambia hasomi barua za watu, halafu akaniuliza kama ni kweli ninamjua Radi. Kumbe imefika mpaka langoni.

Nilikuwa na mzaha wa kukuanzia nao, nilikuwa nao toka Nakuru. Umeniishia hapo kwenye reli ya geti.

Nianze na Nasambu, maana nilikuandikia kwamba ana madoa mawili matatu. Hana madoa mawili matatu. Ngozi imembambuka kuanzia chini ya macho hadi kwenye shingo, na palipopona pamebaki michirizi ya rangi mbili kama ukuta uliovujiwa na mvua. Daktari amesema itachukua miezi, pengine mwaka, na akae mbali na jua. Mwimbaji yule, Hikma, anakaa nyuma ya pazia mchana kutwa, redio imezimwa.

Siku ile ya kwanza nilipoingia alikuwa amejifunika kanga, macho tu nje. Mamake alikuwa kazini. Akaniuliza, "Anti, niambie ukweli. Ni kweli Radi mwenyewe hupaka hii?"

Nikasema, "Ndiyo."

Hikma, nilikuwa nimetembea kutoka Majengo nikijiambia nitamwambia. Nilijiambia kila kona. Na lilipokuja swali lenyewe, jepesi, la mtoto mgonjwa, nikasema ndiyo. Akashusha pumzi, akasema, "Basi si mimi mjinga. Kama hata yeye hupaka, basi ni bahati yangu tu mbaya." Akaomba hamri.

Tena unashangaa mbona yeye akaungua na wewe hukuungua. Mimi nilijua dakika ileile niliposoma barua ya Bi. Khavere, neno "uwanjani" na neno "maktaba". Ni jua. Ndimu ikiwa juu ya ngozi na jua likapiga, inapika. Kila mwanamke wa Majengo anajua, ndiyo maana hakuna anayelisema. Bibi harusi akianza kusingwa anafungiwa ndani siku saba, hata kuanika nguo hatoki. Tangu utoto wangu nimesinga mabibi harusi zaidi ya mia na sijawahi kumwambia hata mmoja "usitoke juani," kwa sababu watatoka waende wapi? Nyanya wa kila mmoja amekaa mlangoni. Mlango ndio uliokuwa unazuia, si mimi. Nami nikatuma singo kwa watoto wasio na nyanya mlangoni.

Na ndimu yenyewe. Singo ya marehemu mama haina ndimu. Mimi huiweka tone moja tu, ya viwiko na magoti yaliyokomaa. Uso, kamwe. Zile ndimu mbili nilizitia kwa sababu niliona siri ya staa ikiwa ni liwa na karafuu tu itaonekana ya kimaskini. Na lile la "nenda zako na shughuli zako" nililitia kwa sababu staa hana wakati wa kukaa ndani.

Umeona nimesema "nilizitia." Nadhani umeshaelewa, wewe si mtoto tena, na nadhani Bi. Khavere alielewa zamani. Lakini nimekuja kukuandikia, si kukuachia kazi ya kukisia. Ile barua niliiandika mimi. Chumbani kwangu, juu ya sinia, udi unafuka. Pete saba sijui nilizitoa wapi, sina hata moja, ile ya mamako niliiuza.

Jumapili nilirudi Makadara nikamwambia Nasambu, mamake akiwepo. Nilitaka anifokee yule mama, nilikuwa nimejiandaa, nilivaa hata baibui la zamani endapo angelichana. Hakufoka. Alinimiminia chai. Akaniambia, "Umekuja kwa miguu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kunywa." Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi nilikuwa namwambia kila siku kwamba ni mzuri. Hakunisikia. Akawasikia ninyi." Sijui ninyi ni nani. Mimi na Radi, nadhani.

Nasambu alishusha kanga usoni. Akauliza, "Sasa kama barua si yake, Radi amekuwa mweupe kwa nini?"

Nikasema, "Sijui."

Neno hilo sijalitamka miaka mingi. Unajua mwenyewe, ukiniuliza njia ya kwenda mwezini nitakuelekeza, pinda kushoto kwenye kiosk. Nikasema sijui, na yule mtoto akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. Hajanisamehe. Hakusema amenisamehe na mimi sitakuandikia kwamba alisema. Amesema wewe umwandikie. Hilo alisema.

Utaniuliza kwa nini. Nilikuwa natumaini hutaniuliza, lakini nimekaa hapa na chai imepoa.

Aprili ulipokuja likizo ulikuwa na insha yako mkobani, ile uliyopata kumi na nane juu ya ishirini. "Mwanamke Ninayetaka Kuwa Kama Yeye." Wewe ulikuwa dukani, mimi nikaisoma. Mimi niliyeishia darasa la sita, niliisoma kwa kidole, neno kwa neno. Kurasa tatu za Radi: alivyotoka kwenye chumba kimoja, alivyokataa kunyamazishwa, anavyosimama na weusi wake kama mtu aliyevaa dhahabu. Nzuri sana. Nikatafuta jina langu. Nikageuza karatasi nikatafuta hata nyuma.

Hikma, mamako alipokuwa anaondoka duniani alinishika hapa, kwenye kifundo cha mkono, akaniambia, "Salme, akikosa mama asikose somo." Ndiyo nikakukalisha mkekani siku tatu ulipovunja ungo, nikakufundisha usafi na heshima na namna ya kumkatalia mwanamume bila kupigwa. Nilidhani nimemaliza. Kumbe mkeka ulikuwa mmoja, na mwalimu amekuja mwingine, hana hata haja ya kubisha hodi, anaingia kwa redio. Sikumchukia. Nilimwonea wivu kama mke mwenza.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nilicheke nawe au nililie peke yangu. Yale maneno ya weusi ulioachiwa na mtu aliyekupenda kabla hajakuona uso, si ya Radi. Nilikuambia mimi. Jikoni, Agosti iliyopita, ulipokuja unalia kwa sababu ya yule mpumbavu wa dukani aliyekucheka rangi. Nilikuambia hayohayo, neno kwa neno, nikikuna nazi. Ukaniambia, "Sawa Mamdogo, maziwa yanafurika."

Nikadhani kasoro iko kwenye mdomo wangu. Nikaazima mdomo mwingine. Na kwa mdomo ule ukasikia mara moja, ukanakili nyuma ya kila daftari, na mimi nilipopata barua yako nilifurahi, Mungu anisamehe, nikacheza peke yangu chumbani. Ningekomea kwenye maneno tu, nisingekuwa hapa. Lakini mwongo hangoji makofi, huongeza wimbo kalamu ingali mkononi. Nikaongeza ndimu.

Wewe hukukosea kumpenda Radi. Usiache kumpenda kwa sababu yangu. Pengine amejichubua, pengine ni taa, hata yeye ni mtoto wa mtu na pengine naye ana mwalimu wake wa kwaya. Nimekosea mimi, niliyekuwa na mtoto mmoja wa kumwambia ukweli, nikamtumia kopo.

Nitaingia kwenye kikao hicho hata usipotaka kuniona. Nitawaambia hayahaya, na nitaandika mbele yao mstari mmoja kwa mkono wangu ili walinganishe mwandiko, wakuache. Nimekuja na kalamu ileile. Kisha wakinipeleka polisi, nitakwenda, na wakiniambia nirudi nyumbani, nitarudi. Gharama za matibabu ya Nasambu ni zangu, nimeshawaambia wanawake wa mtaa kwamba sisingi tena uso wa mtu, na sababu nimewaambia pia. Kumi na moja walicheka, wakidhani ni mzaha mpya.

Ukitaka nikuone, toka mpaka kwenye ule mti wa bendera, mimi nitakuona kutoka hapa. Usipotoka, nitaelewa.

Gari jeusi lilikuja Majengo kweli, Jumanne ile, hilo si uongo. Lilisimama uwanjani, palipokuwa panapigwa ile video, si mlangoni kwangu. Nilikwenda na bakuli langu la singo nikiwa nimevaa vizuri, nikasukumana mpaka mbele, mlango ukafunguka, nikaona kisigino. Mlinzi akaniwekea mkono kifuani akasema, "Mama, rudi nyuma." Nikarudi nyuma, Hikma. Nikarudi mpaka nyumbani, nikakaa siku tano, nikachukua karatasi.

Sijamsinga Radi. Sijawahi kumgusa. Hanijui.

Salme